Mkono Kwenye Bango

Mwezi uliopita tulimzika bibi yake Ghati kule Itiryo, na tangu siku ile kuna mkono unaonisumbua. Mkono wenyewe ni wangu. Ulikuwa kwenye bango la picha, lile la plastiki ambalo siku hizi kila msiba lazima uwe nalo, limefungwa kwa kamba kati ya nguzo mbili za turubai. Kwenye picha bibi ameketi kwenye kiti chekundu cha plastiki, amempakata mtoto wa miezi kumi na moja, na wote wawili wamevaa kitenge kimoja, cha bluu chenye majani ya njano. Mtoto ni Ghati, binti yangu. Pembeni, chini kabisa, mkono wa mtu umeshika pindo la gauni la mtoto. Hauna kiwiko, hauna bega, hauna mwenyewe. Kwenye ncha ya mkono wa nguo yake kuna ukanda wa kitenge kilekile, upana wa vidole viwili, halafu picha inaishia hapo. Waliotengeneza bango waliwakata watu wengine wote ili abaki bibi na mjukuu, ila huo mkono uliwashinda, maana kuuondoa kabisa ingebidi wakate na mguu wa Ghati. Nilikuwa napita nyuma ya mabenchi na sinia la ugali nikasikia mtoto mmoja anauliza, "Mama, huo mkono wa nani?" Mama yake, mtu nisiyemjua wala asiyenijua, akajibu bila kugeuza shingo, "Wa dada wa kazi. Alikuwa anamshika mtoto asianguke."

Ghati alikuwa nyuma yangu na jagi la maji ya kunawa. Ana miaka tisa sasa na masikio yake hayapitwi na kitu. Aliuangalia mkono wa kwenye bango, akauangalia mkono wangu ulioshika sinia, akaniangalia usoni akisubiri niseme. Nikamwambia, "Peleka maji, watu wanasubiri." Ndicho nilichosema. Mwanamke mzima, fundi mwenye kibao chake barabarani, nimekaa kimya mbele ya mtu anayeniita mfanyakazi wa ndani wa mtoto wangu mwenyewe. Tangu hapo nimekuwa nikiandika habari hii na kuifuta. Sikusomea kuandika, kama ambavyo sikusomea kushona. Vyote nimejifunza kwa kufumua vya wenzangu na kutazama vimeunganishwaje. Nikikosea mshono nafumua hadi mwanzo. Lakini hili nimeamua sitalifumua tena, hata likibaki limekaa upande, kwa sababu kila siku ninayolisahihisha ni siku nyingine ambayo yule mama anaamini alichomwambia mtoto wake.

Mwaka ninaousema ni mwaka wa kwanza wa Ghati. Alizaliwa Januari, mimi nikiwa na miaka ishirini, katika chumba cha kupanga pale Nyangoto ambapo milipuko ya mgodini ilikuwa ikitikisa vikombe kabatini na vumbi la malori likitua juu ya kila nguo nyeupe niliyothubutu kuanika. Kitanda kilikuwa upande mmoja, cherehani upande wa pili chini ya dirisha, na katikati palikuwa na nafasi ya beseni moja la kuogeshea mtoto. Baba yake, Marwa, alikuwa Sirari kwenye biashara zake za mpakani mwa Kenya, na kwetu hakuwahi kuja hata kujitambulisha. Ng'ombe hawakutoka kwao. Kwa Wakurya hilo linatosha kueleza kila kitu: bila ng'ombe mimi sikuwa mke wa mtu, na mtoto hakuwa wa nyumba yao. Hata nepi moja haikutoka Itiryo. Sikulalamika. Nilijiambia mtoto wangu hatakosa kitu, na kwa kuwa kitu pekee nilichoweza kukitengeneza kwa mikono yangu kilikuwa nguo, nikaamua kwamba katika kila sikukuu ya mwaka wake wa kwanza Ghati atavaa nguo ambayo mtu akiiona barabarani atasimama.

Pasaka ilimkuta hajafikisha hata miezi mitatu. Nilimshonea gauni jeupe la lasi lenye bitana, nikatengeneza na taji la maua ya kitambaa kwa kichwa ambacho bado kilikuwa kinapumua utosini. Soksi zenye vifundo. Na juu ya yote hayo sweta, kwa sababu Tarime ukionekana na mtoto mchanga bila sweta wanawake watakusimamisha njiani hata jua likiwa linachoma. Gauni lile nililishona na kulifumua mara tatu. Asubuhi ya Pasaka yenyewe, kengele ya kwanza ikiwa imeshapigwa, nikaona mkanda wa kiunoni upande wa kushoto umeshuka kwa nusu sentimita. Nusu sentimita! Nani angeiona? Mimi ningeiona. Nikafumua mkanda, nikaubana kwa pini, nikaushona upya, nikamvika mtoto, tukakimbia. Na kanisani, mahubiri yakiwa yamefika katikati, Ghati akaanza kulia kilio ambacho sikuwahi kumsikia nacho. Nikampa ziwa akalikataa. Akapitishwa mikononi mwa wanawake wa benchi letu mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa na jibu lake. "Tumbo hilo." "Mtoto ana joto, mvue taji." "Kuna mtu kamwangalia vibaya hapa ndani."

Ndipo mama mmoja mrefu, mwenye kitambaa cheusi kichwani, akaja kutoka benchi la nyuma, akanichukulia mtoto bila kuomba, akatoka naye nje. Nilimfuata nikikimbia. Barazani alimlaza Ghati juu ya kanga yake na kumvua kila kitu, sweta, lasi, bitana, kwa vidole vilivyokuwa havina haraka wala huruma na kazi yangu, na chini ya mbavu, upande wa kushoto, tukakuta alama nyekundu kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Akapapasa mkanda. Akachomoa pini. Akaiinua juu, kwenye mwanga, wanawake wawili watatu waliotufuata wakaiona.

"Ndiye fundi huyu?" akawauliza wao, siyo mimi.

"Shikamoo mama," nikasema, maana sikujua cha kusema.

"Marahaba. Mimi ndiye mama yake Marwa. Nilikuja kumwona mjukuu wangu. Nimemwona." Akanirudishia mtoto akiwa uchi na pini akaiweka kwenye kiganja changu, akanifunga vidole juu yake. "Haya, fundi."

Kuanzia siku ile hadi alipokata roho hakuniita jina jingine. Hakuniita Mama Ghati, na hakuniita mkamwana kama alivyowaita wake wa wanawe wengine. Na kilichonichoma zaidi ya pini ni kwamba alikuwa na haki. Pini ilikuwa yangu. Nilimvika mtoto wangu gauni ili watu wamtazame, na walimtazama, akiwa anachomwa. Nilirudi nyumbani nikamwomba msamaha mtoto wa miezi miwili na nusu kwa sauti, nikapiga magoti kando ya kitanda. Lakini hata nikiwa nimepiga magoti nilikuwa na hasira: mwanamke ambaye nyumba yake haikuleta hata kipande cha sabuni alikuwa amepata siku moja tu ya kuwa bibi, na siku hiyo mimi ndiye niliyempa ushindi.

Sikukuu ya pili haikuwa yetu. Chumba cha jirani alikuwa akikaa Nesi Zuhura, mwenyeji wa Kondoa, aliyepangiwa kazi kwenye zahanati. Kuta zetu hazikufika darini, kwa hiyo nilijua anapika nini na yeye alijua nalia saa ngapi. Idi ilipofika, Ghati akiwa ameanza kukaa mwenyewe, Zuhura aligonga mlango. "Mdogo wangu, niazime mtoto. Sikukuu bila mtoto ndani ni kama Jumanne tu." Nilitaka kwanza nimshonee kitu. Akakataa. Alimvika gauni la pamba alilolinunua sokoni, lisilo na mkanda wala lasi, akamchora nyusi kwa wanja, nene, zikakutana katikati, mpaka mtoto akawa na sura ya mzee anayedai kiti chake. Akamkalisha kwenye mkeka. Mimi nilibaki chumbani kwangu najifanya nina kazi, nikinusa iliki na karafuu, nikisikiliza walimu wawili waliokuja kula naye sikukuu wakicheka. Ghati alikuwa anacheka nao. Alikuwa amepewa punje za pilau akizisaga kwa fizi na kuzitema, na kila akitema wanashangilia. Halafu mmoja akauliza habari zangu, na nikamsikia Zuhura akisema kwa upole kabisa, "Binti anajua kushona, hilo sina ubishi. Ila mtoto anamvika kama anampeleka kwenye mtihani."

Sikumsalimia siku mbili. Siku ya tatu alinikuta kambani naanua nguo. "Umenisikia," akasema. Nikamwambia sijasikia chochote. "Umenisikia, na mimi nilijua kuta hazifiki juu. Mama Ghati, mtoto anataka nguo itakayomruhusu kujinyea bila wewe kulia. Basi." Nikakasirika upya, kisha nikacheka nikiwa bado nimekasirika. Gauni lile la pamba lenye doa la pilau ninalo hadi leo. Ni nguo pekee ya mwaka ule ambayo Ghati alikuwa na furaha ndani yake, na sikuishona mimi. Nimejilazimisha kuiandika hiyo sentensi.

Mwishoni mwa Novemba bibi akaja tena, safari hii na jora la kitenge begani. Mwanawe wa mwisho alikuwa anaingia tohara Desemba hiyo, na nyumba nzima ilikuwa inajiandaa kumcheza barabarani. Kwa siku hiyo wote wangevaa sare. Alikaa kwenye kiti changu pekee, akanywa uji wangu, akaanza kutaja kwa vidole: yeye mwenyewe, mabinti, wake za wanawe, mashati ya wanaume, watoto. Mimi nikiandika vipimo huku nikisubiri. Mimi ni mtu wa kusubiri kupewa. Ni ugonjwa wangu. "Na huyu mjukuu wangu," akasema akimbinya Ghati shavu, "mshonee ya marinda, yenye mikono ya puto. Krismasi mlete. Awaone watu wa kwao." Vidole vikaisha. Akaniona bado nimeshika kalamu. "Wewe vaa tu gauni lako lolote zuri, fundi."

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni akichambua mchele kwenye ungo. "Samahani mama yangu," akasema, "kwani huyu si ndiye mama wa mtoto?"

"Ndiye."

"Sasa mbona hana sare?"

"Sare ni ya nyumba."

"Na mtoto ni wa nyumba?"

"Damu ni ya nyumba."

"Na ng'ombe je, mama?"

Bibi akacheka, kicheko kizuri, alikuwa na mwanya na alijua unampendeza. "Wewe si wa huku, nesi. Ng'ombe wana miguu. Watakuja." Akasimama, akajitikisa vumbi. Zuhura akapeperusha makapi yakaanguka karibu kabisa na viatu vya bibi, na sikuwahi kumwuliza kama ilikuwa bahati mbaya.

Nilishona sare zote. Watu wamewahi kuniuliza kwa nini sikukataa, na jibu la kweli ni baya: nilitaka waone. Nilitaka siku ile barabarani kila mtu aulize nani kashona, na waambiwe. Gauni la Ghati lilinichukua siku nne. Lilikuwa na marinda madogo kifuani, kila moja upana wa ukucha, na ndani niliacha upindo wa vidole vinne ili akikua nimwachilie. Kila mkanda niliupapasa, nikaupapasa tena, halafu nikampa Zuhura naye aupapase. Hapakuwa na pini. Na sasa niseme nilichokifanya kwenye gauni la bibi. Nililikata bila akiba. Upindo wa kidole kimoja, ubavuni karibu na sifuri, kola fupi. Kwa macho lilikuwa limekaa vizuri kabisa, lakini asingeweza kulipanua hata kwa nukta, na kitambaa nilichokibana pale nikakitia mfukoni. Vipande vinavyobaki ni vya fundi, kila mtu anajua. Lakini hivi havikubaki. Nilivibakiza. Nikakata kanda mbili nikazishona kwenye ncha za mikono ya gauni langu la krimu. Ndizo zilikuwa sare yangu.

Krismasi tukaenda Itiryo. Boma lilikuwa limejaa. Upande mmoja wanawake walikuwa wanasonga ugali wa mtama kwenye masufuria ya shughuli, upande wa pili wanaume walikuwa wanachemsha kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo ambao ukikulia mbali nao huuzoei. Pombe ilikuwa imeshaanza kuimba. Shangazi zake wakamchukua Ghati wakanizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Akatoka kwa shangazi akaenda kwa shangazi mwingine, wote bluu na njano, mpaka nikawa simwoni mtoto nisipotafuta miguu yake. Walisifia marinda. "Jamani, mtoto amependeza! Ameshonewa wapi?" Na bibi akajibu, "Nina fundi wangu Nyangoto." Nilikuwa nimesimama hatua mbili.

Halafu likaja kundi la vijana waliowatangulia wanaotahiriwa, na pembe, na filimbi, na fimbo, vumbi limewapanda hadi kwenye nyusi. Wengine walikuwa wamevaa magauni ya wake zao, miwani myeusi na manyoya kichwani, kama ilivyo kawaida ya siku zile. Ghati alikuwa amevikwa mwaka mzima. Alivalishwa lasi, taji, wanja, puto mabegani, na hakuwahi kujali alichovaa. Lakini siku ile, nadhani kwa mara ya kwanza, aligundua kwamba mtu mwingine naye anaweza kuvikwa. Mmoja wa wale wa magauni alimsogelea, gauni la maua limembana kifua, akapuliza pembe mbele ya uso wake, akainama. "Niaje, mtoi! Uko fiti?" Ghati akaganda, halafu akapiga ukelele. Yule mtu akavua miwani. Alikuwa Marwa. Ndivyo binti yangu alivyokutana na baba yake: kwa gauni la mwanamke ambaye hata sijui ni nani, na Kiswahili cha ng'ambo ya Sirari.

"Mbona analia hivyo?" akaniuliza, amechukia kama vile nimemfundisha.

"Hakujui."

"Si umwambie basi."

"Nimwambie nini?"

"Aah, wacha stress," akasema, akavaa miwani, akarudi kwenye kundi akiruka.

Mpiga picha alipoita, bibi aliketi kwenye kiti chekundu na kumpakata Ghati, na nyumba yote ikajipanga nyuma yake. Nikaenda mwisho wa mstari. Bibi akageuka, macho yake yakashuka moja kwa moja kwenye mikono yangu.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Ni vipande, mama. Vilivyobaki."

"Vilibaki kwenye nguo ya nani?"

Nilihisi wote wananitazama. Bibi alipitisha kiganja ubavuni mwake taratibu, pale nilipokuwa nimembana, akarudi kunitazama. "Wenye sare tu," akamwambia mpiga picha, na nikatoka kwenye mstari. Ila Ghati hakukubali. Kila nilipopiga hatua moja alilia, na mpiga picha hawezi kumpiga picha mtoto anayelia. Mwishowe akasema, "Mama wewe, chuchumaa hapo pembeni, shika tu pindo. Usiingie." Nikachuchumaa kwenye vumbi na gauni langu la krimu, nikashika upindo wa vidole vinne nilioushona mwenyewe, na mtoto akanyamaza. Ndiyo picha hiyo.

Baada ya picha bibi alibaki ameketi, anamnyoosha mjukuu wake marinda kwa kidole. Alikuwa na furaha, sitamnyima hilo. Alikuwa anamnong'oneza mtoto kama wanavyofanya mabibi wote duniani. "Siku yako nayo itafika," akamwambia. "Nitakuvika kuliko hawa wote. Nitakufunga kanga mpya hadi shingoni, utembee barabara nzima watu wajue mjukuu wa nani."

"Siku gani, mama?" nikauliza.

Akanitazama kama nimeuliza jua linatoka wapi. "Siku ya wasichana. Au wewe kwenu hamna mila?"

Nimekulia huku. Ninajua kanga mpya zinafungwa kwa msichana gani, na wakati anatembezwa na kushangiliwa anakuwa ametoka kufanyiwa nini kwa wembe. Ninajua pia kuna wasichana ambao kila Desemba hukimbia makwao kwa miguu kwa sababu hiyo. Nilimtazama mtoto wangu kwenye yale marinda niliyoyahesabu moja moja, na kwa mara ya kwanza nikaelewa nimekuwa nikishona nini mwezi mzima. Nilikuwa nimemshonea alama ya kuwa wa kwao.

"Mwache hapa mpaka mwaka mpya upite," bibi akasema. "Anywe maziwa ya ng'ombe, azoee nyumba. Wewe rudi kwenye cherehani yako."

Jua lilikuwa bado juu. Nilimchukua Ghati mapajani kwake nikisema naenda kumbadilisha nepi, nikaingia naye ndani, nikamvua gauni. Nikalikunja kama ninavyokunja nguo ya mteja, mikono ndani, kola juu. Nikamfunga mtoto kanga yangu mgongoni akiwa na nepi tu, nikatoka, na bibi alipokuwa amesimama kuwapokea wageni nikaliweka gauni juu ya kiti chekundu nikapita nyuma ya jiko kwenda barabarani. Ningependa kuandika kwamba nilimgeukia mbele ya watu nikamwambia, nguo ni ya nyumba, mtoto ni wangu. Moyoni mwangu nimelisema hilo mara elfu. Ukweli ni kwamba nililisema nikiwa nimeshavuka mto, nikamwambia Ghati, na Ghati alikuwa amelala.

Ng'ombe hawakuja, lakini bibi alikuja. Kama miaka miwili baadaye alitokea kibarazani kwangu na lile gauni lake limekunjwa kwenye mfuko, mwili umeongezeka, anataka nilipanue. Nililigeuza ndani nje ingawa nilijua. "Hakuna akiba, mama," nikasema. Akajibu, "Najua. Nilijua siku ileile. Akiba yangu uliivaa mkononi." Akacheka na mwanya wake, akamwomba Ghati ampelekee maji. Hakuomba radhi, na mimi sikuomba. Baada ya hapo nilimpeleka mtoto kumsalimia, Pasaka na likizo ya Juni, mimi mwenyewe nikiwapo, na Ghati akampenda, kwa sababu bibi alijua kucheka na alijua kusimulia. Desemba hatukwenda. Hakuna aliyeuliza kwa nini, na mimi, kwa ugonjwa wangu uleule, sikusema.

Kwenye msiba, saa ile ile niliyokuwa nimesikia habari ya dada wa kazi, alipita mama mmoja amebeba mtoto mchanga, na mtoto amevaa bluu na majani ya njano. Gauni la Ghati. Limevaliwa na wajukuu wote waliofuata, kila mmoja Krismasi yake ya kwanza, niliambiwa. Limekuwa gauni la nyumba. Rangi imepauka. Nilimwomba nimshike mtoto, nikaugeuza upindo kwa siri. Hakuna mshono hata mmoja uliokuwa umeachia. Nikajisikia fahari na kuchefuka kwa pamoja, na bado sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Kesho yake asubuhi, turubai zikishushwa, dada yake Marwa alikuwa anafungua kamba za bango. Ghati akamwendea. "Shangazi, naomba hilo bango."

"La nini mama? Unataka picha ya bibi? Nitakupa ndogo."

"Nataka hili. Hili lina mama."

"Mama yuko wapi humu?"

Ghati akaweka kidole juu ya mkono. Shangazi akainama, akautazama, akanitazama mimi, na waliokuwa wanaokota viti wakasimama kidogo. Nikasema, "Ni mkono wangu. Na sare zote hizo nilishona mimi. Na huyu mtoto Desemba haji kuvikwa kanga hapa. Siyo mwaka huu, siyo mwaka wowote. Nataka mlisikie wote, maana mama yenu nilishindwa kumwambia." Sauti ilipasuka kwenye sentensi ya mwisho, nayo ilikuwa ndefu mno. Ningeirekebisha kama ningeweza.

Shangazi akaanza kulikunja bango. "Haya, fundi," akasema, "tumesikia." Akampa Ghati.

Sasa linafunika cherehani yangu, kuzuia vumbi. Jioni nikimaliza kazi nalikunja mara tatu na kulilaza kwa namna ambayo mkono wangu unakaa juu na uso wa bibi unabaki chini. Asubuhi nikirudi kufunua nalikuta limegeuzwa, bibi yuko juu, anacheka na mwanya wake. Ghati anakuwa ameshaondoka kwenda shule. Simwulizi, naye haniulizi. Jioni nalikunja tena.